Somo, maji yako nimeyapata

Cape Town, Jumapili jioni

Kwako somo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila midomo imenipasuka kwa upepo. Jana nilifika Cape Point, huko kwenye Rasi ya Tumaini Jema, na chupa yako ya maji ninayo, yale uliyoniagiza ya pale bahari ya Atlantiki na ya Hindi zinapokutana. Lakini kabla hujaanza kuwaringia watu hapo Tanga, nisome mpaka mwisho.

Kusi ya huku si ile yetu ya kukausha nguo. Hii ilinivua mtandio nikiwa bado kwenye maegesho. Wakati nahangaika nao, nyani dume akaja taratibu kama mwenye mali, akachukua mfuko wangu wa sambusa za mtaa wa Bo-Kaap, akapanda juu ya gari la watu, akala zote. Bango la kutahadharisha nyani lilikuwa nyuma yangu!

Kuna kigari cha kuwapandisha watu juu. Nikajitia shujaa, nikaenda kwa miguu, nikajuta katikati ya ngazi. Kileleni upo mnara wa taa wa mwaka 1859, mita 238 juu ya bahari. Sasa sikia: waliujenga juu mno. Ukungu ukitanda unaufunika, na walioko chomboni hawaoni kitu. Mwaka 1911 meli ya Kireno, Lusitania, ikagonga mwamba baharini karibu na hapo. Ndipo wakajenga mwingine, mita 87 tu, ukawashwa 1919. Babu yako nahodha angewacheka wiki nzima.

Nilishika ukuta nikachungulia. Jabali limekatika wima, mawimbi yanapasuka chini huko na sauti haifiki, upepo unaichukua. Nikamfikiria Vasco da Gama: alipita hapa 1497, mwaka uliofuata akatia nanga Malindi. Kwa mawimbi yale, na tanga!

Haya, maji. Mwongoza wageni alicheka nilipomwuliza bahari mbili zinakutana wapi. Si hapa, dada, ni Rasi ya Agulhas, kama kilomita 150 kusini-mashariki. Nauli ya huko sikuwa nayo. Basi nikateremka hadi ufukweni, kwenye kibao cha Rasi ya Tumaini Jema, nikajaza chupa. Baridi yake, vidole viliuma mpaka mifupani.

Kwa hiyo hiyo ni Atlantiki tupu. Ya Hindi unayo hapo Raskazone; teremka na kikombe, uchanganye mwenyewe.

Msalimie mama.

Ni mimi somo yako