Makumbusho mapya? Lowekeni chokaa kwanza

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu niko skuli na sijawahi kukuandikia hata mstari. Lakini makala ya yule bwana anayetaka Mji Mkongwe ujengewe makumbusho mapya "endelevu", bega kwa bega na majengo yaliyokarabatiwa, imenikera. Vioo, paneli za jua, matangi ya kuvuna mvua. Haya. Nani kamwambia wazee wetu hawakulijua jua wala mvua?

Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu hapo Forodhani, alilijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883: dari ndefu, roshani pana, upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Hayo ndiyo makumbusho tuliyokuwa nayo, na mtepe uani, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari. Likaachwa livuje miaka na miaka, mpaka Disemba 25, 2020 upande mmoja ukaporomoka mafundi wakiwa kazini, watu wawili wakafa. Mwandishi wako kalipitia hilo kwa sentensi moja.

Mie nilijifunza kwa gharama yangu. Ukuta wa chumba cha mama, wa mawe na chokaa, ulianza kubanduka. Nikamleta mkandarasi, mtu wa suti na kompyuta, akanambia chokaa ni mambo ya kizamani, tupige saruji, "utanishukuru". Nikamlipa. Masika ya kwanza ukuta ukatoka jasho, ya pili ukaota chumvi nyeupe kama mkate wa kuvu, ya tatu plasta nzima ikashuka usiku juu ya kabati la vyombo, na sinia la harusi ya marehemu mama likapinda. Ukuta wa mawe ya matumbawe unapumua. Ukiuziba kwa saruji, maji yanakaa ndani na kuozesha vichwa vya boriti. Nilipompigia, mkandarasi akasema ukuta wangu ni mzee. Mzee! Ulimkuta babu yangu, ukamzika, na haukuwahi kumwangushia mtu kitu mpaka alipokuja yeye na mifuko yake.

Na hivyo viyoyozi! Kichochoroni kwetu natembea na mwavuli kiangazi, kila dirisha la nyumba ya wageni linanidondoshea maji, na vespa zinanisukumia ukutani huko huko kwenye tope. Wageni wanapiga picha.

Wakitaka makumbusho, wajenge, sikatai. Ila kabla ya jiwe la msingi lichimbwe shimo la chokaa pale Forodhani, vijana sita waikoroge na kuiloweka miezi mitatu, na msanifu akae nao na ndoo yake mwenyewe. Akishaweza kupaka ukuta mmoja ukavuka masika mawili, aje kwangu. Chumba cha mama bado kiko wazi, na ngazi ninayo.

Mkaazi wa Mkunazini,
Unguja