Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Majibu ya utafiti yarudi kijijini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Salaam kutoka Rungwe. Huku mvua ingali inanyesha.

Nafundisha baiolojia sekondari. Nikifika kwenye viumbe wa visiwani, wanafunzi wananitajia lemuri wa Madagaska bila kusita: wako kule tu. Nikiuliza ni mnyama gani anayepatikana Tanzania peke yake, darasa linanyamaza. Na dirishani Mlima Rungwe unaonekana, mita 2,960, msitu wake umezungukwa na chai, migomba na viazi kama kisiwa kilivyozungukwa na maji. Humo anaishi kipunji, aina ya kima.

Wanyakyusa walikuwa wakimtaja tangu zamani. Watafiti walimwona mwaka 2003, mwaka uliofuata akaonekana pia msitu wa Ndundulu kule milima ya Udzungwa, na 2005 akatangazwa duniani. Kilichowawezesha kumchunguza kwa undani ni kipunji mmoja aliyenaswa na mtego wa mkulima katika shamba la mahindi, hapa hapa Rungwe. Vinasaba vyake vikapimwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Jina la mlima wetu limo katika jina hilo, na mtoto anayeuona kila asubuhi anamaliza kidato cha nne hajalisikia. Jambo hilo linaniuma.

Ila aliyenifanya niandike barua hii ni nguruwe wa jirani yangu.

Walikuja watafiti wa minyoo ya tegu. Nilikuwepo bandani. Wawili walimshika nguruwe, mmoja akampanua mdomo kwa kijiti, akauvuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake akitafuta vinundu. Kisha wakachukua damu ya shingoni, wakaitia kwenye kichupa na kukiandika namba kwa wino mweusi: 14. Walikuwa watu wa adabu, wakamshukuru mama, wakaondoka. Huu ni mwaka wa tatu. Mama huyo hajui kusoma vizuri, lakini ile 14 anaikumbuka, na kila tukikutana kisimani ananiuliza, "Mwalimu, majibu ya nguruwe wangu hayajatoka?" Nguruwe mwenyewe alishauzwa na kuliwa.

Majibu yale hayakuwa ya nguruwe peke yake. Mtu akila nyama yenye vifuko vya tegu, vile vyeupe kama punje za mchele, na haikuiva, mnyoo unakua tumboni mwake. Mayai yanatoka na kinyesi, na nguruwe anayezurura anakila. Baya zaidi ni pale binadamu anapoyameza mayai yenyewe, kwa mkono usionawa au mboga isiyooshwa. Hapo vifuko vinaweza kuota mpaka kwenye ubongo, na kifafa kikaanza. Kijijini kwetu mtu akianguka kifafa, ndugu huanza kutafuta aliyemroga. Nimeona familia mbili hazisalimiani kwa sababu hiyo, na wakati wote nguruwe wanapita nyuma ya choo kisicho na mlango.

Mheshimiwa, vibali vya utafiti vinatolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyo chini ya wizara yako. Najua ripoti hufika huko. Ninachoomba ni sharti moja ndani ya kibali: kabla mradi haujafungwa, kurasa mbili za Kiswahili chepesi zifike ofisi ya kijiji na shule ya sekondari iliyo karibu, na mwenye mnyama aliyepimwa aambiwe majibu yake, hata kwa kupitia afisa mifugo wa kata. Iwe hivyo kwa tegu, kwa kipunji, na kwa maua ya Hifadhi ya Kitulo pia.

Gharama yake ni karatasi na nauli ya pikipiki. Mimi nitazisomesha darasani wiki hiyo hiyo zikifika, na jioni nitampelekea mama nakala yake nimsomee. Ana nguruwe wengine wawili bandani, mmoja ana mimba.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia, Rungwe