Kaka, ile soda siiombei radhi

Kaka,

Idi ya pili hii hupokei simu yangu. Wanao wananijibu kwa adabu, "Baba amelala, shangazi." Saa kumi na mbili jioni! Tangu lini ukalala saa hizo?

Ni ile harusi, najua. Kadi uliiandika mwenyewe, chakula saa saba, na saa sita na nusu ukachoma sindano yako ya kisukari, hukupitisha hata dakika. Ndivyo ulivyo tangu tukiwa kwa mama, viatu vimepangwa vikitazama mlango. Watu makini kama wewe ndio wanaoyamudu maradhi yasiyopona, kwa sababu dawa hawaisahau. Hilo nakupa. Lakini insulini haingoji wakwe; ukishaichoma usipokula, sukari inashuka. Upande wa bwana harusi wakachelewa, nawe baba wa binti ukaona aibu kutia kitu mdomoni kabla yao, hata tende. Saa tisa kanzu imekulowa mgongoni na mkono unatetemeka.

Nani aliuona ule mkono? Ni mimi, mwenye wasiwasi, ambaye nyumba nzima mnaniambia nimezidi. Nikaingia upande wa wanaume bila hata kujitanda vizuri, nikapiga kelele: "Sukari imemshuka, leteni soda!" Turubai zima likageuka. Mashine ya kupimia sukari ilisoma 2.6, kaka. Chini ya 4 tu ni hatari. Ukanywa, macho yakarudi, na neno lako la kwanza likawa, "Umenivua nguo mbele za watu."

Neno hilo hunijia hata nikiosha vyombo.

Mama alijidunga huku akipiga soga na wageni, chupa yake ya insulini kwenye chungu uani, juu ya mchanga uliomwagiwa maji, na mtaa mzima ulijua. Wewe ni msiri, sikulazimishi uwe mama. Ila ukienda mahali, mtu mmoja ajue. Tia glukosi mfukoni. Kwenye shughuli usichome mpaka uione sahani.

Ungetaka ninong'one? Nilinong'ona! Nilikuita taratibu mara mbili, ukanitazama kama hunijui. Hilo hukuambiwa na mtu. Mara mbili, kaka, ndipo nikapiga kelele, na ningepiga tena leo.

Mashine yako bado iko kwenye mkoba wangu wa harusi. Vijiti vya kupimia vimebaki kumi na tisa, muda wake unaisha mwezi ujao. Njoo uichukue. Usimtume mtoto.