Aliyefuata virusi Congo mpaka akafika angani

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Habari za wanaanga tunazowapa watoto wetu karibu zote ni za marubani wa ndege za kivita, na msichana anayependa baiolojia akizisoma anaona hazimhusu kabisa. Mimi nafundisha baiolojia sekondari huku Kigoma na kila nikipata upenyo darasani namtaja Kate Rubins, mwanamke ambaye kilichomfikisha angani ni maswali yake tu kuhusu virusi.

Ni Mmarekani, amezaliwa 1978. Utotoni alitamani kuwa mwanaanga ila alivyokua akaingia kwenye DNA, ule uzi ndani ya seli unaobeba maelekezo ya urithi kwa herufi nne, na hakutoka tena. Chuo alianza na kirusi cha HIV, anataka kujua kinajipachikaje kwenye DNA ya seli ya mtu, akasoma PhD, yaani shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Stanford kwenye saratani, akaenda kwenye ndui, kutoka ndui akafika kwenye mpox, ile homa ya nyani, ambayo ni ndugu yake. Na hapa ndo panaponigusa mimi, maana mgonjwa wa kwanza wa mpox kugundulika duniani alikuwa mtoto mdogo wa Congo, mwaka 1970, kwa hiyo huyu dada aliyekuwa na maabara yake kule Massachusetts, ana watafiti 14 chini yake, akawa anapanda ndege kuja Congo, yaani hapo ng'ambo ya ziwa letu, kufuatilia utafiti wake. 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, wakamchukua awe mwanaanga.

Sasa mtu wa virusi anaenda kufanya nini huko juu? Agosti 2016 akiwa kituo cha anga cha kimataifa akawa binadamu wa kwanza kusoma DNA angani. Kabla ya hapo sampuli zilikuwa zinasubiri chombo cha kuzishusha duniani ndo zisomwe. Yeye alitumia kimashine kinachoenea kiganjani, unakichomeka kwenye kompyuta, ndani kina vitundu vidogo mno na umeme unapita, uzi wa DNA ukipenya kwenye kitundu ule umeme unabadilika kidogo kutegemea ni herufi gani inapita, basi kompyuta inasoma A, T, G, C. Sampuli zilikuwa za panya, bakteria na kirusi, na zikasomeka vizuri tu. Kifaa cha aina hiyo kilishatumika Guinea 2015 kusoma kirusi cha Ebola palepale kwenye mlipuko. Alirudi tena angani 2020, jumla amekaa siku 300 na ametoka nje ya kituo mara nne, ila mimi wanafunzi huwa nawachelewesha kwenye hako kamashine.

Kuna binti wa kidato cha tatu aliniuliza, mwalimu, kama huko hakuna juu wala chini, mapovu kwenye dawa ya maji inayotiwa kwenye hako kamashine yanakwenda wapi? Nilifurahi mno mhariri, kwa sababu hilo ndo lilikuwa linawapa wasiwasi wanasayansi wenyewe, duniani povu linapanda juu linatoka, kule linabaki palepale katikati ya kimiminika na likiingia kwenye kifaa linaweza kukiharibu, ikabidi wajipange kabla hajaruka. Binti hajawahi hata kuiona maabara ya maana ila swali lake ni la watu wa NASA.

Mwaka 2024 mpox ilivyoingia Burundi na Kenya magazeti yalituambia tunawe mikono na tusiguse wagonjwa, sawa, ni muhimu. Lakini hamkutuambia ni nani wanakifuatilia hicho kirusi na wanafanyaje. Naomba ukurasa wa watoto umuweke huyu dada, na picha yake akiwa ameshika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea matone ya kimiminika, kule juu, sio ile ya suti nyeupe peke yake. Nitaikata niibandike maabara kwetu.

Mwalimu wa baiolojia,
Kigoma