Kikokotoo kisibadilike mtu akiwa mlangoni

Ndugu Mhariri,

Mwakani natimiza miaka 60. Nimefundisha shule za msingi mkoani Iringa tangu 1992, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa na daftari la mipango yangu ya kustaafu. Ukurasa wa kwanza umechakaa kwa kufutwafutwa. Pale juu niliandika asilimia 50, nikaikata nikaandika 25, nikaikata nikarudisha 50, kisha ikaja 33, na sasa inasomeka 40. Kila namba iliyokatwa ilikuwa na mpango chini yake, na mipango nayo imekatwa. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze hali hiyo inavyomsumbua mtumishi anayejiandaa kuondoka kazini.

Kwa wasiofuatilia, kikokotoo ni kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu, na asilimia hizo ni sehemu ya mafao ambayo mstaafu hupewa kwa mkupuo siku anapoondoka. Inayobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Sisi tuliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF, pamoja na wenzetu wa mfuko wa LAPF, tulikuwa na nusu kwa nusu. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa ikawa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni mpya zikaleta asilimia 25. Nakumbuka tulivyokaa ofisini na kikokotoo cha simu, mwalimu mmoja baada ya mwingine akipiga hesabu yake na kunyamaza. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaagiza kikokotoo cha zamani kirudi hadi 2023. Julai 2022, kabla hata ya muda huo kuisha, ikaja asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikatupandisha hadi 40 sisi tuliokuwa na 50, na wa mifuko mingine iliyokuwa ikitoa 25 wakapewa 35.

Nashukuru kwa nyongeza hiyo, na nasema hivyo kwa dhati. Lakini asilimia ni nusu tu ya habari. Kikokotoo chetu cha zamani kilichukua miezi ya utumishi mara mshahara wa mwaka, kikagawanya kwa 540, na kwa mkupuo kikazidisha kwa 15.5. Cha sasa kinagawanya kwa 580 na kuzidisha kwa 12.5, na namba hizo hazikurudi.

Nyumbani kwetu tuna mfano hai. Mume wangu naye ni mwalimu. Alistaafu 2019, ndani ya kile kipindi cha kurudishiwa kikokotoo cha zamani, akiwa na utumishi wa miaka 35. Nami nitaondoka na miaka 35 vilevile. Chukua mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kikokotoo chake, mkupuo ni shilingi milioni 72.3 na pensheni ni kama 388,900 kwa mwezi. Kwa changu, mkupuo ni milioni 43.4 na pensheni ni kama 434,500. Kwa mwezi ninamzidi shilingi 45,600 hivi, ila kwenye mkupuo amenizidi milioni 28.9. Ili hiyo nyongeza ya mwezi ifidie pengo la mkupuo, itanibidi nipokee pensheni kwa zaidi ya miaka 50. Nitakuwa na miaka 112.

Najua hoja ya upande wa pili. Mifuko ilielemewa, na pensheni ya kila mwezi humlinda mstaafu asije akamaliza fedha zote mwaka wa kwanza. Tumewaona waliomaliza, wapo hata mtaani kwetu. Lakini sehemu kubwa ya mzigo wa PSPF ilitokana na deni la serikali la mafao ya watumishi walioanza kazi kabla ya michango kuanza 1999, mimi nikiwamo. Serikali yenyewe ilikiri deni hilo na baadaye ikatoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17. Mwalimu wa darasa la tatu hakuchangia lolote katika kulimbikiza deni lile. Tangu michango ilipoanza nimekatwa asilimia 5 kila mwezi bila kukosa hata mwezi mmoja, na mwajiri anaongeza 15.

Katika daftari langu mkupuo ulikuwa na kazi tatu. Kumalizia vyumba viwili vya kupangisha hapa Kihesa, ambavyo vimesimama kwenye linta tangu 2020. Ekari mbili za parachichi kule Kilolo. Ada ya kitinda mimba wangu aliyeko chuo. Ilipokuja 33 nilifuta parachichi, shamba likauzwa kwa mtu mwingine. Ilipokuja 40, bei ya ekari upande ule ilikuwa imeshapanda na hela iliyoongezeka haikutosha kulirudisha. Mtu wa miaka 35 anaweza kusubiri, hata akapanda misindano na kuvuna akiwa bado ana nguvu. Mti wa miaka kumi na kitu nikiupanda leo nitakuwa nawapandia wajukuu. Mkulima kijana akiambiwa msimu umebadilika, anabadilisha mbegu. Mimi nimebakiza msimu mmoja.

Hata hivyo vyumba viwili, nikivimaliza, vina hesabu yake. Kwenye pango kuna kodi ya zuio ya asilimia 10, na nitailipa. Ninachoomba ni kuijua mapema na iwe ileile hadi nifike, kama nilivyotaka kujua kikokotoo.

Kuna jambo jingine dogo kwa shilingi, ila ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kodi ya majengo tunalipa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Nami nimeuandika msamaha huo kwenye daftari, kwa kuwa mwakani utanihusu.

Mama yangu ana miaka 83 na anaishi peke yake Mafinga. Umeme namnunulia mimi kwa simu, wa shilingi 5,000. Kila mwanzo wa mwezi ujumbe unaingia ukionyesha 1,500 imeondoka kwanza, na anapata uniti za kilichobaki. Akiona uniti zimepungua ananipigia: "Mwanangu, mbona safari hii umenipunjia?" Nilikwenda ofisini na kitambulisho chake cha taifa na barua ya mtendaji wa mtaa. Nikaambiwa mita imesajiliwa kwa jina la marehemu baba, kwa hiyo lete hati ya kifo. Nikarudi na hati, nikaambiwa lete uthibitisho kwamba nyumba ni ya mama. Safari ya tatu aliyekuwa akishughulikia faili alikuwa likizo. Nauli ya Iringa na Mafinga kwa safari zile tatu imeshapita 18,000, ambayo ndiyo kodi ya mwaka mzima. Wazee wangapi hawana mtoto wa kuwatembelea ofisi? Pale kwenye benchi nilikaa na babu mmoja aliyekuja na risiti zote za LUKU amezifunga kwa kamba ya katani, akidhani zitahitajika.

Tarehe ya kuzaliwa ya kila mwenye kitambulisho cha taifa inajulikana. Namba hiyohiyo tunaombwa kila mahali, hata kusajili laini ya simu. Basi mtu akitimiza miaka 60 akiwa anaishi kwenye nyumba yake, makato yasimame yenyewe, na mwenye mashaka ndiye amfuate mzee.

Na kuhusu mafao, ombi langu ni hili. Iwekwe kwenye sheria yenyewe, isiachwe kwenye kanuni, kwamba mtumishi aliyebakiza miaka mitano au pungufu atalipwa kwa kikokotoo alichokuwa nacho siku mabadiliko yanatangazwa, isipokuwa kipya kikiwa na nafuu kwake. Miaka mitano inatosha kumaliza nyumba, kulipa mkopo wa SACCOS au kununua shamba kabla bei haijapanda. Vijana waliobakiza miaka ishirini wabadilishiwe kama ni lazima, wana nafasi ya kupanga upya.

Nawaomba wabunge wa Iringa, Njombe na Mbeya walibebe hili kabla Bajeti haijasomwa Juni. Chama chetu cha walimu nacho kidai jambo hili pamoja nasi kwenye mikutano ya wilaya, kisingoje hadi Mei Mosi. Mimi barua yangu ya kustaafu nitaiandika mwaka huu, na chini ya ile 40 nimeacha mistari miwili bila kuandika kitu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kihesa, Iringa
(Jina limehifadhiwa)