Dada wa Rangi Tatu, asante sana

Jamani dada ulieokota bahasha yangu kwenye daladala juzi, jina lako sikuuliza, nisamehe, nilichanganyikiwa. Masika hii imenikimbiza vibaya, mara kusahihisha moko ya fom foo, mara tuisheni ya logarithimu jioni, nikaiacha kwenye siti, ndani kuna karatasi za watoto na fomu za wazazi za safari ya Juni, tunapanda treni ya SGR Dar mpaka Dodoma, nataka watoto wapige wenyewe hesabu ya spidi baada ya Pugu tuone kama kweli inagonga kilomita 160 kwa saa. Ukaona namba yangu ukanibipu, ukazifunga kwenye rambo, ukanisubiri mvuani na mtoto mgongoni. Hela ya soda ukakataa! Karatasi moja tu ndo imelowa kona, na mwenyewe kapata 12 😂