Mhariri, tuandikie na bei ya fungu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakata mkono wa gauni la mtoto wa jirani. Karatasi ya kukatia nilikuwa nimeitoa kwenye gazeti lako, kama ninavyofanya siku zote, maana karatasi ya kaki inauzwa na gazeti lililokwisha kusomwa ni la bure. Nilipoitandaza juu ya kitenge na kuanza kubana pini, macho yakatua kwapani. Pale kwapani palikuwa na jedwali la bei za vyakula: mahindi, mchele, maharage, uwele, kila kimoja kwa gunia la kilo 100, mkoa kwa mkoa, na Mwanza imo. Nikaweka mkasi chini nikalisoma hadi lilipokatikia begani. Halafu nikajiuliza, ni lini mimi nimenunua gunia? Nimekumbuka moja tu. Lilikuwa la mkaa.

Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi ni fundi wa nyumbani. Wanaoijua Kitangiri, hapa Mwanza, wanajua nyumba zetu zilivyopandiana juu ya mawe, maji yanapanda kwa kichwa, na cherehani ikishafika huku haishuki tena. Yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, nimeiweka barazani kwa sababu ndani hakuna mwanga. Kazi zinazonilisha si magauni ya harusi. Ni zipu, ni pindo, ni suruali za mitumba za soko la Mlango Mmoja zinazokuja na viuno vya watu tusiowajua, na shule zikikaribia kufunguliwa ni kola.

Kola niruhusu niieleze kidogo. Shati jeupe la shule huanza kufa shingoni. Mgongo mzima, mikono mizima, lakini pale kola inapokunjika, jasho na sabuni ya mche vimeshakula uzi na pametoka manyoya. Mzazi anafikiria kununua jipya. Namwambia alilete kwanza. Nachukua wembe, nafumua mshono unaoishikilia kola kwenye ukanda wa shingo, tundu kwa tundu, bila kuvuta. Ikitoka naigeuza: upande uliokuwa umejificha chini, ambao haujaona jua tangu shati litoke kiwandani, unakuja juu, na ule uliochakaa unakwenda kujificha. Napiga pasi, naikunja katikati kupata alama, nairudisha kati ya tabaka mbili za ukanda na kushona juu ya matundu yaleyale ya zamani. Mtoto anavaa mwaka mwingine. Natoza shilingi 1,000.

Shilingi 1,000, Mhariri, ndiyo bei ya gazeti lako, na ndiyo mafungu mawili ya nyanya pale sokoni Kirumba. Nikishika noti ile mkononi inabidi nichague, na nyanya hushinda.

Kwa hiyo gazeti nalipata kwa mwalimu mstaafu anayekaa mawe mawili juu yetu. Yeye hulinunua kila siku, anajaza chemshabongo kwa kalamu ya wino (mtu mwenye uhakika huyo), na Ijumaa jioni hunipa ya wiki nzima yakiwa yamekunjwa kama mashati. Mimi namgeuzia kola. Hatujawahi kuandikiana deni.

Jioni pacha wangu, Kulwa na Doto, wako darasa la tano, hunisomea huku nikikanyaga. Sheria ya nyumba ni kwamba anayemaliza habari nzima bila kukwama haendi kuchota maji, na anayekwama anabeba ndoo. Habari zenu za bajeti zimembebesha Doto ndoo nyingi. Jumamosi ile Kulwa alisoma jedwali la kwapani akauliza, "Mama, gunia moja ni visado vingapi?" Tukakaa kulipigia hesabu. Debe ni lita 20, kisado lita 4, basi debe moja visado vitano, hapo tulikubaliana wote. Lakini gunia lenu linakwenda kwa kilo na kisado kinakwenda kwa kujaa, na kisado cha mchele hakilingani uzito na kisado cha maharage, na kuna kujaa kwa kusawazisha na kuna kujaa kwa kilima. Doto akainuka akaenda kuchota maji bila kutumwa. Hesabu ikaishia hapo.

Sasa fungu. Pale Kirumba fungu la nyanya lilikuwa shilingi 500 mwezi wa nane, na leo, mvua za vuli zikiwa zimeanza, bado ni shilingi 500. Mwandishi wenu akipita na kuuliza, "Nyanya bei gani?" ataambiwa mia tano, ataandika kwamba bei haijabadilika, naye atakuwa hajasema uongo. Lakini mwezi wa nane fungu lilikuwa nne chini, moja juu yake, na moja ya nyongeza unayotupiwa kikapuni ukishalipa. Sita. Leo ni tatu chini na moja juu, nyongeza imekufa. Nne. Nyanya iliyokuwa inanigharimu shilingi 83 na senti zake sasa ni shilingi 125. Imepanda kwa nusu nzima na hakuna aliyetangaza.

Nilimuuliza dada anayeniuzia. Ni mtu wa Magu, tunaelewana. Akanijibu huku akizipanga, "Mayu, nikisema mia sita utanipa mia tano, utasema hiyo mia kesho. Nikaifuate Kitangiri kwenye mawe? Nikipunguza nyanya moja hatugombani." Na ni kweli hatukugombana. Sarafu ya mia tano iko mkononi mwa kila mtu, kwa hiyo bei inakaa pale kwenye mia tano imeganda, kinachotembea ni idadi. Mvua zikipiga shambani, nyanya zikapasuka na nyingine zikaoza njiani, utaziona zimepungua juu ya gunia lililotandazwa chini wiki ileile, na jedwali lenu halitasema lolote. Nyanya kwanza hazimo.

Mimi naandika idadi. Nina daftari la shule la kurasa arobaini ambalo Kulwa alilichoka, na kila nikirudi sokoni, kabla sijavua kanga ya kichwani, naandika siku, kitu, na wangapi kwenye fungu. Vitunguu vitano vidogo. Bamia kumi na moja. Hoho mbili, moja ina jeraha. Mume wangu alikuwa ananicheka kwamba nafanya sensa ya nyanya. Siku moja alileta ubishi kwamba hela ya matumizi niliyopewa inatosha kwa sababu "bei ni zilezile", nikamfungulia ukurasa wa mwezi wa nane na ukurasa wa wiki hii, nikampa na kalamu ajumlishe mwenyewe. Kuanzia Jumatatu aliongeza.

Kisado nacho kina mambo yake. Kuna vilivyopashwa moto kitakoni vikasukumiwa ndani. Ukikitazama kimejaa huwezi kujua, ukikigeuza unaona kitovu kikubwa kimeingia tumboni. Ndiyo maana natembea na changu. Muuzaji akishapima kwa chake namwomba amimine kwenye changu, na hapo ndipo ninapojua meza ya kuirudia. Wapo wanaocheka. Wapo wanaonuna na kuniambia nikanunue dukani kwa kilo. Mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mama, leo nimekukosea, ngoja nikuongezee," na huyo ndiye ninayemnunulia maharage hadi leo.

Kwa dagaa sihitaji daftari, natazama juu. Watu wa bara wanaosoma gazeti lako labda hawajui, dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawavuta kwa sababu kuna giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haina maana, wavuvi wanapumzika na kushona nyavu, na pale Mwaloni, soko la samaki, panapoa. Siku hizo ukinunua dagaa unanunua waliobaki. Giza likirudi mitumbwi inatoka tena, ngoja siku chache waanikwe, ndipo ushuke na kikapu. Ukifika usitazame wa juu, hao wamepangwa wakutazame wewe. Zamisha mkono hadi chini ya gunia utoe ngumi moja, uifungue taratibu. Walioanikwa kwenye kichanja wanang'aa kama fedha na mkono unabaki mkavu na safi. Walioanikwa mchangani watakuachia mchanga kwenye mistari ya kiganja, na huo mchanga umeulipia. Kipindi hiki cha mvua kuna na wa aina ya tatu, waliolowa kabla hawajakauka, wamegeuka kahawia na wana harufu ya kukaa. Hao hata kwa bei ya bure unapata hasara, maana utamaliza mafuta na nyanya kuwaficha.

Gazeti lako lina utabiri wa hali ya hewa kila siku. Mkiongeza mstari mmoja, mwezi mpevu tarehe fulani, giza tarehe fulani, akina mama wa pwani yote ya ziwa watajua siku ya kununua kitoweo.

Halafu sangara. Bei yake naiona kwenye gazeti lako, mara nyingi pamoja na habari za viwanda na soko la Ulaya. Nakubali, ni fedha za nchi. (Bibi yangu, aliyekulia kwa ningu na furu, samaki wa asili wa ziwa, alimwita samaki wa kuletwa, na hakukosea. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na bibi alikufa hajamzoea.) Lakini minofu ikishapanda ndege, kinachobaki Mwanza ni kichwa na mapanki, ile mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Kichwa kimoja kikubwa, nikikipasua vizuri na kukitia ndimu, kinatoa mchuzi wa watu watano na mwingine wa asubuhi kwa viazi. Bei yake inapanda na kushuka kama ya minofu. Sijawahi kuiona imeandikwa popote.

Najua nitajibiwa kwamba fungu si kipimo. Wakala wa Vipimo wanahimiza mizani na wanapiga vita lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, na mimi niko upande wao, kisado changu ni shahidi. Ila mama mwenye nyanya sitini alizozikopa alfajiri hana mizani na hataipata kesho, na mimi mwenye mia tano sitanunua kilo. Mpaka hiyo mizani ifike, fungu ndilo linalotulisha. Kama daktari anaweza kuandika homa kwa nyuzi, na nyinyi mnaweza kuandika fungu kwa idadi: "Nyanya, Kirumba, 500, nne za kati." Mstari mmoja. Mtu wa Igoma atalinganisha na kwake, na wa Buhongwa, na wa Nyegezi, na wote tutajua kama tunaibiwa au ni mvua tu.

Wala hamhitaji kumtuma mwandishi. Kila Jumamosi nikitoka Kirumba nitawatumia ujumbe wa simu wa vitu sita: nyanya, vitunguu, dagaa kisado, maharage kisado, kichwa cha sangara, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Michembe msiitoe. Chai haina sukari ya kutosha nyumba nyingi huku, na michembe ndiyo inayoisindikiza. Malipo sitaki. Mkitaka kunishukuru, mpunguzieni mwalimu wangu ugumu wa chemshabongo ya Alhamisi, ameniletea gazeti likiwa na matundu mara mbili, kwa hasira.

Nina ombi moja zaidi, na hili ni la kifundi. Wino wenu unahamia kwenye kitambaa cheupe, hasa zile picha kubwa za ukurasa wa mbele. Shati jipya la Doto lina sikio la mheshimiwa fulani mgongoni, upande wa kushoto, nimelifua mara tatu kwa sabuni ya mche na bado linasikiliza. Jedwali la bei halina tatizo hilo, herufi zake ni nyembamba. Mkilirefusha kidogo nitaanza kukatia hata migongo.

Wako,
Mama Kulwa
Kitangiri, Mwanza